Sura ya Sita: Anayefundisha Kulea

Hakuna somo katika vyuo vya ufundi ambalo wanafunzi hulijia wakiwa na uzoefu mwingi kama hili. Kijana wa Garissa anayejiandikisha kusomea uchomeleaji huenda hajawahi kushika mashine ya kuchomelea hata siku moja, na anayeingia darasa la umeme huingia na woga unaomfaa. Anayeingia darasa la malezi ya watoto wadogo amembeba mdogo wake mgongoni tangu akiwa na miaka saba. Amemwogesha, amemlisha, amembembeleza usiku mama alipokuwa hajarudi kutoka sokoni, na amemchapa pia. Baadhi ya wanagenzi hawa wameolewa na wana watoto wao nyumbani. Wiki ya kwanza humtazama mkufunzi wakiwa na swali ambalo adabu haiwaruhusu kulitamka: utanifundisha nini wewe ambacho mama yangu hakunifundisha?

Mkufunzi anayeijua kazi yake halikwepi swali hilo. Haanzi na Piaget wala Montessori, hata kama mtaala umewaweka mbele. Huwaomba wasimulie habari za mtoto wa mwisho waliyemlea. Alianza kukaa bila kushikiliwa akiwa na miezi mingapi? Alitambaa, au alisimama tu siku moja akashika ukuta? Alipokuwa akilia usiku, kilio cha njaa kilitofautianaje na kilio cha sikio? Hapo ndipo darasa hunyamaza. Walimlea mtoto, wakamlea vizuri, lakini hawakumtazama. Wala si kwa uzembe. Mtoto wa nyumba ya Garissa hulelewa katikati ya kazi kumi, jicho moja likiwa kwenye chungu, jingine kwenye mbuzi, sikio likiwa langoni. Nani ana nafasi ya kukaa chini amtazame mtoto mmoja kwa nusu saa bila kufanya jambo jingine?

Kazi yote ya mkufunzi huyu, kwa maoni yangu, imo humo. Anamchukua mtu aliyelea kwa mazoea na kumfundisha kulea kwa kutazama. Mengine yote, kuanzia andalio la somo hadi usafi wa chombo cha uji, hufuata baada ya hapo.

Kabla ya kuingia darasani ni vyema tujue mkufunzi huyu amesimama wapi katika serikali, maana mshahara wake, vifaa vyake na hata heshima yake vinatoka huko. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kipengele cha tisa cha orodha ya kaunti kinataja mambo manne kwa mkupuo mmoja: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani, na vituo vya kulelea watoto. Walioandika waliona kitu ambacho watendaji wengi bado hawajakiona. Mtoto mdogo na kijana anayetafuta ujuzi waliwekwa chini ya mkono mmoja, na mtu anayefanya kazi katikati yao ni huyu anayewafundisha vijana kuwalea watoto.

Nyanjani mambo yamekwenda kivingine. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, madarasa ya chekechea yalijengwa kwa wingi, kwa kuwa darasa huonekana, hupakwa rangi na kufunguliwa kwa sherehe. Vyuo vya ufundi vilipata cherehani na mashine za kuchomelea. Vituo vya kulelea watoto walio chini ya miaka minne vimesahaulika, kana kwamba kipengele cha tisa kiliishia katikati. Na mafunzo yenyewe yamesambaa: mengine yako katika vyuo vya ualimu, mengine katika vyuo vya kiufundi vya kitaifa, mengine katika vyuo vya kaunti, mengine kwa watu binafsi waliokodi vyumba viwili mjini. Wakufunzi wa vyuo vya kiufundi vya kitaifa walihamishwa mwaka 2018 kutoka Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, wakawa chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Wa vyuo vya kaunti huajiriwa na kaunti, wengi kwa mkataba. Wawili wanaweza kufundisha jambo lile lile katika mji ule ule, mmoja akiwa na pensheni na mwenzake akisubiri kuona kama mkataba utaongezwa.

Mafunzo haya yana historia ndefu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1984 Kenya ilianzisha kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, ndani ya Taasisi ya Elimu jijini Nairobi, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya. Utaratibu wake ulikuwa wa watu waliokwisha kuingia kazini: mwalimu wa chekechea alifundisha muhula mzima, kisha shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, alikwenda kukaa chuoni. Mafunzo yalichukua miaka miwili. Kwa hiyo tangu mwanzo, likizo ya watoto ilikuwa ndiyo msimu wa kazi wa mkufunzi. Wengi wa wakufunzi wakongwe wa Kaskazini Mashariki walipita njia hiyo, na unawatambua: hawana subira na nadharia isiyofika darasani Jumatatu.

Kaskazini Mashariki yenyewe ilichelewa kufikiwa na mambo haya. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, hali ya hatari iliyodumu hadi 1991, na sera ya 1965 iliyoelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na rutuba, viliacha Garissa, Wajir na Mandera zikitegemea walimu kutoka sehemu nyingine za nchi. Kisha walimu hao wakaanza kuuawa. Novemba 2014 watu 28 walishushwa kwenye basi karibu na Mandera na kupigwa risasi, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, karibu wote wakiwa wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kwenye uwanja ambao miaka michache tu nyuma ulikuwa chuo cha ualimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika shule nyingi za kaunti hiyo.

Ninayataja haya kwa ufupi, na si kwa sababu ni madogo. Ninayataja kwa sababu yanaeleza uzito wa darasa lile la wasichana ishirini wanaomtazama mkufunzi wao kwa mashaka. Mtaa na kijiji ambako mwalimu wa kutoka mbali ameondoka vinabaki na nani? Vinabaki na binti wa pale, mwenye alama za kawaida za KCSE, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita mtaalamu. Kumfanya awe mtaalamu ni kazi ya mkufunzi.

Turudi darasani sasa.

Zoezi la kwanza la kweli ni daftari. Mwanagenzi hupelekwa kwenye kituo cha chekechea, huchagua mtoto mmoja, huketi chini, kwenye kimo cha mtoto, na huandika anachokiona kwa dakika kumi na tano. Inaonekana rahisi. Daftari zinaporudi, karibu zote zimejaa hukumu: mtoto huyu mkorofi, huyu mvivu, huyu ana adabu sana. Na hapo mazungumzo haya hurudiwa kila muhula, kwa maneno yanayokaribiana:

“Abaayo, dada yangu, umeandika mtoto ana adabu. Adabu hiyo umeionaje?”

“Amekaa kimya, mwalimu. Wenzake wanapiga kelele, yeye ametulia tu.”

“Basi andika hivyo. Amekaa kimya. Alipoitwa jina aligeuka?”

“Hakugeuka mara moja, mpaka mwenzake akamgusa.”

“Kesho rudi. Simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Kisha uniambie kama ni adabu.”

Mtoto mtulivu huko anaweza kuwa na usaha masikioni, jambo la kawaida sana kwa watoto wadogo, na kama halikutibiwa humpunguzia usikivu miaka ile ile anayojifunza lugha. Anaweza kuwa na upungufu wa damu. Anaweza kuwa hajala tangu jana. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na familia nyingi zikahamia pembezoni mwa miji. Wakati wa ukame kama huo mlezi wa chekechea huona njaa kabla ya daktari. Ndiyo maana mkufunzi hufundisha utepe wa kupima mkono: unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto, na ukisoma chini ya sentimita 12.5 mtoto amepungukiwa na lishe, chini ya 11.5 hali ni ya hatari na apelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Ni kipande cha plastiki chenye rangi tatu. Mwanagenzi aliyejifunza kutazama kabla ya kuhukumu huupima mkono wa mtoto “mwenye adabu” kwanza.

Kuhusu vifaa, nitasema machache, maana hapa wakufunzi wa Garissa hawahitaji kufunzwa na mtu. Vifuniko vya soda, mbegu za mgunga, makopo yaliyopigwa kingo zisikate, vipande vya kanga, mchanga. Mchanga hasa: watoto wa Kisomali wamecheza shax juu yake vizazi na vizazi, wakichora mistari kwa kidole na kuhamisha kokoto, na mchezo huo una hesabu, mpangilio na kungoja zamu, mambo ambayo mtaala wa umilisi unayataka. Mwanagenzi aliyekwenda sokoni kununua mafumbo ya plastiki kwa pesa za kuazima hurudishwa uwanjani akachore shax.

Joto ndilo somo ambalo kitabu cha kutoka Nairobi hakilijui. Andalio la somo linasema: saa tano, mchezo wa nje. Saa tano asubuhi Garissa, miezi ya Februari na Machi, jua limekwisha kuwa kali kiasi kwamba bati la mtelezo linaunguza mapaja ya mtoto. Mkufunzi hupiga mstari na kuandika pembeni: saa mbili. Kisha hudai mambo mengine yafuate: maji ya kunywa yawe mahali mkono wa mtoto unapofika, mkeka wa usingizi uwe upande upepo unapopitia, kazi ya kukaa na kuhesabu iwe baada ya saa nne. Ratiba nzima hupinduliwa na jua. Napenda kuona mistari hiyo ya kalamu nyekundu, maana kila mmoja ni kipande cha mtaala ambacho kingepaswa kuandikwa huko huko.

Lugha nayo ina kazi zake. Mtaala unataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mtihani wa mwanagenzi uko kwa Kiingereza. Mkufunzi hufafanua kwa Kiswahili, kwa sababu darasani mwake, pamoja na Wasomali, huenda wamo Wamunyoyaya na Wamalakote wa kando ya Mto Tana, Waorma, Wapokomo, na mara moja moja Mwaweer wa upande wa Ijara. Kisha mwanagenzi ageuke na kumwimbia mtoto kwa lugha ya mama. Wanaoweza zaidi ni wale waliokulia kwa ayeeyo, bibi, aliyewatisha kwa Dhegdheer, yule jini mla watu mwenye sikio refu. Mkufunzi hudai wasimulie hadithi hizo chuoni, mbele ya wenzao, na wengi huona haya. Walidhani vitu vya bibi huachwa langoni.

Na hapo tunafika kwenye dugsi, shule ya Kurani.

Mtu yeyote anayefundisha malezi Garissa bila kuielewa dugsi anajidanganya. Mtoto wa Kisomali hupelekwa kwa maalim akiwa na miaka minne au mitano, mara nyingi kabla ya chekechea. Huketi chini na wenzake wa umri tofauti, mbao ya kuandikia magotini, wino wa mkaa, kalamu ya kijiti. Wapo waliokuja na mafunzo yao mapya wakaitazama dugsi na kuona watoto wamebanana, fimbo, na kukariri tu. Fimbo ipo, na sheria ya nchi inaikataza, na mkufunzi hana budi kulisema hilo bila kumung'unya maneno. Lakini anayeishia hapo hajatazama, na tumekwisha kusema kutazama ndiyo kazi.

Akitazama ataona mengi. Mtoto mkubwa anamfundisha mdogo. Kila mtoto yuko kwenye ukurasa wake, hakuna anayesubiri darasa zima lifike. Maalim anamjua baba wa kila mmoja. Na herufi zinafundishwa kwa njia ambayo mapokeo ya Wasomali yanamsifia kwayo Sheikh Yusuf al-Kawneyn, aliyeishi karne nyingi zilizopita na kuzikwa mahali panapoitwa Aw Barkhadle, karibu na Hargeisa: alama za irabu za Kiarabu zilipewa majina ya Kisomali yanayosema alama iko juu, iko chini au imejikunja, ili mtoto ashike sauti kwa lugha anayoielewa. Hiyo ni mbinu ya kufundisha sauti kwa lugha ya mama, na ilikuwapo kabla ya vyuo vya ualimu.

Mfano wa kuunganisha mafunzo ya dini na chekechea haukutoka mbali. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi Waislamu wa pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said, alianza kuunda chekechea ndani ya mazingira ya madrasa. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Mpango ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Ulichanganya maadili ya dini na utaratibu wa HighScope, uliozaliwa katika mji wa Ypsilanti, Marekani, kutokana na utafiti wa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi ulioanza mwaka 1962. Utaratibu huo humtaka mtoto apange atakachocheza, akicheze, kisha aeleze alichofanya. Pwani waliutia vifuu vya nazi, magamba ya pwani na nyimbo za Kiswahili, na walezi walikuwa wanawake wa mtaa, wengi wao wakiwa hawajapata elimu kubwa, waliofunzwa na kutembelewa kituoni mara kwa mara na wakufunzi.

Hilo la kutembelewa ndilo ninalolisisitiza. Siri ya madrasa zile haikuwa magamba. Mkufunzi alirudi, akaketi, akatazama, akarudi tena. Garissa, Wajir na Mandera zimejaribu kwa namna zao kuingiza masomo ya chekechea ndani ya dugsi, na pale ilipofanikiwa utakuta mkufunzi aliyekwenda kwa maalim kwanza, akaketi naye, akakubaliana naye kuhusu saa: Kurani asubuhi na mapema akili ikiwa safi, kisha hesabu na michezo. Pale ilipoanguka, mara nyingi ilianguka kwa sababu mwanagenzi alitumwa peke yake na barua.

Kutembelea, basi, ni nusu ya maisha ya mkufunzi. Wanagenzi wakienda kufanya mazoezi hutawanyika: Modika, Balambala, Dadaab, Masalani, na wengine ng'ambo ya daraja huko Madogo. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 na utaratibu wa umilisi unaotokana nayo vinataka ushahidi wa kazi, siyo mtihani wa karatasi tu. Kila mwanagenzi ana jalada: picha, maandalio, rekodi za watoto, sahihi za aliyemsimamia. Mkufunzi anapaswa kumwona akifanya kazi kwa macho yake. Mkufunzi wa umeme anaweza kupima hayo yote kwenye karakana ya chuo. Huyu karakana yake ina upana wa kaunti, na nauli ya kuizunguka haipo kila muhula. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika na barabara kati ya Madogo na Garissa ikakatika. Anayeishi upande mmoja hakuweza kumpima anayefanya mazoezi upande wa pili. Kwenye barabara za Dadaab usalama ndio huamua siku ya safari.

Kisha kuna swali ambalo fomu hailijibu. Katika utaratibu wa umilisi, mwanagenzi ama amefikia umilisi ama bado. Kunawa mikono kabla ya kumlisha mtoto: ameweza. Kubadilisha nepi: ameweza. Kupanga kona ya vitabu: ameweza. Lakini subira unaitia alama wapi? Mkufunzi mzoefu huijua saa yake. Ni karibu saa tano na nusu, wiki ya sita au ya saba ya mazoezi, watoto wamechoka, uji umechelewa, na mmoja anaangua kilio kisicho na sababu inayoonekana. Mwanagenzi anayepiga magoti, akasogea, akasubiri, ni mlezi. Anayeinua sauti apewe muda zaidi. Nimewasikia wakufunzi wakitetea “bado” ya mwanagenzi mwenye jalada safi kabisa, na nadhani walikuwa na haki. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukata rufaa.

Darasani pia kuna watoto halisi. Mwanagenzi anayenyonyesha hana mahali pa kumwacha mtoto wake, kwa hiyo humleta. Vyuo vingine hufumba macho, vingine hukataza. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, na chuo kinachofundisha malezi bila kuwa na chumba hicho kinafundisha kinyume cha somo lake. Mkufunzi mwerevu humgeuza mtoto huyo kuwa somo, kwa ridhaa ya mama: anamtazamaje mgeni, anashika kwa mkono upi, anatafuta wapi kitu kilichofichwa chini ya kitambaa. Hapo pia ndipo huzuka mjadala mkali wa kunyonyesha pekee kwa miezi sita. Nyumba nyingi humpa mtoto mchanga maji ya sukari au maziwa ya ngamia mapema, na ayeeyo ndiye mwenye kauli. Mkufunzi hawezi kumshinda ayeeyo kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Humkumbusha kwamba Kurani yenyewe inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, kisha huomba miezi sita tu ya mwanzo iwe ya titi peke yake. Kwa mlango huo mazungumzo huendelea.

Lipo jambo moja lisilo na mlango rahisi. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na kwa sheria hiyo hata kutoripoti ni kosa. Wanaokeketwa katika eneo hili mara nyingi ni wasichana wadogo, wenye umri wa chekechea na madarasa ya mwanzo. Mlezi ndiye anayemwona mtoto aliyerudi kutoka likizo akitembea kwa kubana miguu, hataki kukaa, hataki kwenda msalani. Mkufunzi anapofundisha ishara hizo, anawafundisha wasichana ambao wengi wao walipitia hayo hayo, na ambao shangazi zao huenda ndio watakaoripotiwa. Waliofanya kazi hii muda mrefu hulifundisha somo hilo mlango ukiwa umefungwa, bila haraka, na huwapa wanagenzi namba ya simu ya bure 116 ya kuwasaidia watoto, ili wasibebe siri peke yao. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Lakini bado nina dai dhidi ya mafunzo yetu, na si dhidi ya wakufunzi. Tunafunza walezi wa watoto wa miaka minne na mitano, kwa sababu huko ndiko kuliko na darasa, kibao mlangoni na ajira ya kaunti. Walio chini ya hapo, ambao ubongo wao unakua kwa kasi kuliko umri mwingine wowote, tumewaacha kwa dada wa miaka kumi aliyetolewa shuleni ili abaki nao. Kipengele cha tisa kilivitaja vituo vya kulelea watoto kwa jina.

Ningekuwa na sauti katika mtaala wa Garissa, ningeongeza zoezi moja katika muhula wa pili. Wanagenzi waende sokoni, Suuq Mugdi na kwingineko, wakiwa na daftari lile lile la kutazamia, waketi karibu na akina mama wanaouza, na waulize jambo moja: mtoto wako yuko wapi sasa hivi, na unahitaji mtu amwangalie kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Mama wa maziwa ya ngamia atawaambia anaamka kabla ya alfajiri, maana maziwa lazima yafike na kuuzwa kabla jua halijayaharibu, na ifikapo mchana kazi yake imepungua. Mama wa miraa atawaambia asubuhi yuko nyumbani. Mzigo kutoka Meru hufika mchana, na yeye huuza kuanzia alasiri hadi usiku. Wanagenzi warudi darasani na saa hizo, waziweke kando ya saa za chekechea ya kaunti, inayofungua asubuhi na kufunga karibu na adhuhuri. Wataona haimfai hata mmoja wa wale wawili.

Baada ya hapo mkufunzi awape karatasi kubwa na jioni nzima wapange kituo kinachowafaa wote: zamu ya kwanza kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ya pili kuanzia saa saba mchana hadi baada ya isha, walezi wa kila zamu, pipa la maji lenye bomba, kivuli, mikeka ya kulalia, kona ya kunyonyeshea, utepe wa kupima mkono ukining'inia kwenye msumari. Wapige hesabu ya gharama kwa siku na kwa mtoto. Kisha waipeleke wenyewe kwa afisa wa elimu wa kaunti, na mkufunzi awe nyuma yao.